Kuhamishia Kompyuta ya Gemu kwenye Linux: Mwongozo Kamili kwa Aliyekwisha Kushindwa Mara Moja

Wanaohamia Linux ili wacheze gemu huanguka karibu wote mahali pamoja. Siku ya kwanza wanabishana distro (toleo la Linux) ipi ni kali. Siku ya pili wanasakinisha. Siku ya tatu gemu inagoma kufunguka, na ya nne wamerudi Windows wakisema Linux si ya gemu. Nikisikia mtu anaanza na swali la "distro ipi?" huwa najua atakwamia wapi.

Distro huwa haina kosa. Kosa huwa ni moja kati ya haya matatu: gemu anayoitaka haikubaliwi kabisa kwenye Linux na hakuangalia mapema, draiva (programu inayoendesha kadi) ya kadi ya picha haijapakiwa, au maktaba ya gemu imebaki kwenye diski ya Windows na Steam (duka la gemu la Valve) imeelekezwa hukohuko. Mwongozo huu umepangwa kuyakwepa hayo matatu. Fuata hatua kwa mfuatano wake, na usivuke moja kabla hujaona ishara kwamba imekubali.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Fleshi ya GB 16 ambayo uko tayari kufutiwa kila kilichomo.
- Diski ya pili, ikiwezekana SSD. Si lazima, ila itakuondolea nusu ya matatizo.
- Diski ya nje au hifadhi ya mtandaoni kwa ajili ya nakala za mafaili yako.
- Kadi ya picha inayoiweza Vulkan ya kisasa, yaani lugha ya kuzungumza na kadi inayotumika kwenye Linux. Uko salama ukiwa na NVIDIA GTX 900 kwenda juu, AMD RX 400 kwenda juu, au kadi ya ndani ya Intel ya kizazi cha 6 na kuendelea.
- Simu au kompyuta nyingine ya kusomea mwongozo huu wakati hii inawashwa upya.
- Jioni moja nzima. Usianze saa nne usiku ukiwa na kazi asubuhi.

Kuhusu kadi, sababu yenyewe ni hii. Gemu ya Windows huzungumza na kadi kwa lugha ya DirectX, ambayo Linux haina. Proton, programu ambayo Valve waliitoa mwaka 2018, hukaa katikati na kutafsiri: DXVK hugeuza DirectX 8 hadi 11 kuwa Vulkan, na VKD3D-Proton hugeuza DirectX 12. Kadi isiyoiweza Vulkan 1.3 haina pa kupokelea tafsiri hiyo. GTX 600 na sehemu kubwa ya 700 ziliachwa hapo, na hakuna ufundi wa usiku mmoja utakaozirudisha.

## Hatua ya 1: Pekua gemu zako kabla hujagusa kitu

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka.

Chukua karatasi. Andika gemu ulizocheza miezi mitatu iliyopita. Nimesema ulizocheza, maana zilizojaa kwenye maktaba ni habari nyingine. Kwa wengi hazizidi nane. Kisha kagua kila moja sehemu mbili.

Kwanza ni ProtonDB, ambako wachezaji huandika jinsi kila gemu ilivyowaendea. Utaona daraja: Native (ina toleo la Linux lenyewe), kisha kutoka bora kushuka Platinum, Gold, Silver, Bronze na Borked (haichezeki). Usiishie kwenye rangi ya medali. Shuka chini usome maelezo ya miezi ya karibuni, hasa ya mtu mwenye kadi ya aina yako. Gemu yenye Gold inaweza kuwa inakwenda vizuri kabisa kwa AMD na inasumbua kwa NVIDIA, au kinyume chake.

Pili, kama gemu ni ya kucheza na wengine mtandaoni, nenda Are We Anti-Cheat Yet. Tovuti hiyo inaorodhesha vizuia-udanganyifu na kusema gemu ipi inakubali Linux na ipi imekataa.

Hapa ndipo ukweli unapouma. Valorant haiendi. League of Legends haiendi tangu ilipowekewa kizuia-udanganyifu cha Vanguard mwaka 2024. Fortnite haiendi. Mfululizo wa EA Sports FC, kuanzia FC 24, hauendi. Apex Legends ilikuwa ikienda vizuri hadi wenye gemu walipoifungia Linux mwishoni mwa Oktoba 2024. GTA V utacheza hadithi yake bila tatizo, lakini Online ilifungwa Septemba 2024 ilipowekewa BattlEye.

Msomaji huuliza: mbona Elden Ring inatumia Easy Anti-Cheat na inakwenda, na Fortnite yenye Easy Anti-Cheat hiyohiyo haiendi? Kwa sababu Easy Anti-Cheat na BattlEye vyote vinaweza kufanya kazi chini ya Proton tangu 2021, ila mwenye gemu lazima aruhusu mwenyewe. Asiporuhusu, hakuna mpangilio wa upande wako utakaobadilisha hilo. Na ukikutana na mtu anayekuuzia njia ya kukwepa kizuia-udanganyifu, achana naye, maana akaunti itakayofungiwa ni yako.

Hatua imekamilika ukiwa na karatasi yenye mafungu mawili: zinazokwenda na zisizokwenda. Kama gemu unayoicheza kila usiku imeangukia fungu la pili, baki na Windows kwenye diski moja na uweke Linux kwenye nyingine. Ni mpango mzuri tu, wala usione aibu. Kama yote yako ni kama Cyberpunk 2077, Baldur's Gate 3, Hades, Stardew Valley, Counter-Strike 2, Dota 2 au Euro Truck Simulator 2, una safari nyepesi. Nne za mwisho zina hata toleo la Linux lenyewe.

## Hatua ya 2: Fungasha vizuri ndani ya Windows

Fanya haya ukiwa bado ndani ya Windows, kwa mpangilio huu.

Nakala ya gemu zilizohifadhiwa. Hakikisha kila gemu imepandisha hifadhi zake kwenye wingu la Steam. Zisizo na huduma hiyo, zitafute ndani ya Documents au AppData uzinakili kwenye diski ya nje.

Ufunguo wa BitLocker. Kompyuta nyingi za kisasa zimefungwa kwa BitLocker (kufuli la diski la Windows) bila mwenyewe kujua. Ukibadilisha mpangilio wa Secure Boot (ulinzi unaokagua programu wakati wa kuwasha), Windows itakuomba ufunguo wa tarakimu 48. Uchukue sasa kwenye akaunti yako ya Microsoft, uuandike kwenye karatasi. Ukiuhifadhi ndani ya kompyuta hiyohiyo, ni sawa na kufungia ufunguo wa nyumba ndani ya nyumba.

Zima kulala nusu. Windows huwa haizimiki kabisa. Hujihifadhi ili iwake upesi, na kwa kufanya hivyo huziacha diski zake zimefungwa. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika:

`powercfg /h off`

Haitajibu kitu. Kimya hicho ndicho jibu zuri.

Angalia aina ya uwashaji. Andika `msinfo32` kwenye kisanduku cha kutafutia, tafuta mstari wa "BIOS Mode". Ukisoma UEFI (njia mpya), endelea. Ukisoma Legacy (njia ya zamani), bado utaweza, lakini kuwa na mifumo miwili kutasumbua. Hapo diski ya pili si anasa tena.

## Hatua ya 3: Chagua distro, kwa dakika tano tu

Nimeipa hatua hii nafasi ndogo makusudi.

Kompyuta ni ya gemu zaidi ya kitu kingine, au kadi yako ilitoka mwaka huu au jana? Chukua Bazzite. Imejengwa juu ya Fedora, inakuja na Steam na draiva za NVIDIA tayari, na sasisho likiharibu kitu unachagua toleo la jana kwenye menyu ya kuwashia. Kasoro yake ni kwamba sehemu za ndani za mfumo zimefungwa zisiandikwe, kwa hiyo maelekezo mengi ya mtandaoni ya kusakinisha kwa `apt` au `dnf` hayatakufaa. Programu utazichukua kwa Flatpak, yaani vifurushi vinavyojitegemea.

Kompyuta ni ya kazi, masomo na gemu, na kadi ina umri wa miaka miwili au zaidi? Chukua Linux Mint. Imetulia, inafanana na Windows, na ukikwama utapata msaada haraka.

CachyOS, Nobara na nyingine ni nzuri pia. Ila kama ungeziweza bila kuvuja jasho, usingekuwa unasoma hapa.

Unapopakua Bazzite, tovuti itakuuliza aina ya kadi. Jibu kwa ukweli. NVIDIA GTX 900 na 1000 zina toleo lake, GTX 16 na RTX zina lingine, kwa sababu draiva mpya ya NVIDIA yenye sehemu huria haiziendeshi zile za zamani. Ukichanganya hapo, utaishia skrini nyeusi.

## Hatua ya 4: Andika fleshi na uhakikishe faili ni zima

Faili la ISO (lile la distro ulilopakua) lililokatika njiani huleta makosa ya ajabu baadaye, na utalaumu kila kitu isipokuwa lenyewe. Kwa hiyo likaguliwe. Ndani ya Windows, kwenye folda ulimopakulia:

`certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256`

Linganisha herufi utakazopata na zile zilizo kwenye ukurasa wa kupakulia. Angalia nane za mwanzo na nane za mwisho. Zikitofautiana hata moja, pakua upya.

Bazzite iandike kwa Fedora Media Writer, Mint kwa balenaEtcher. Kisha washa kompyuta upya huku unabonyeza kitufe cha menyu ya kuwashia. Mara nyingi ni F12, F11, F8 au Esc. Chagua fleshi.

Mint itakufungulia mfumo mzima kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski. Tumia nafasi hiyo: jaribu Wi-Fi, sauti na padi. Kisichofanya kazi hapo kitakusumbua hata baada ya kusakinisha, afadhali ukijue sasa.

## Hatua ya 5: Sakinisha kwenye diski sahihi

Nikupe kisa changu. Nilikuwa na diski mbili, zote za GB 500. Kisakinishi kikaniorodheshea `sda` na `sdb`, nikajiambia ya kwanza lazima ni ile tupu. Haikuwa. Picha za miaka sita ziliondoka kwa sekunde nne, na niliokoa nusu tu kwa sababu ndugu yangu alikuwa na nakala.

Tangu siku hiyo nina sheria moja: chomoa diski ya Windows kabla ya kusakinisha. Zima kompyuta, toa kebo ya SATA au fungua skrubu ya M.2, sakinisha Linux, kisha irudishe. Dakika kumi za bisibisi. Faida ya pili ni kwamba kila mfumo unabaki na programu yake ya kuwashia kwenye diski yake, kwa hiyo sasisho la Windows halitafika huko kuvuruga la Linux. Utachagua mfumo kwa menyu ya F12.

Laptopu yenye diski moja tu? Tumia Mint. Ndani ya Windows fungua Disk Management, punguza sehemu ya C na uache angalau GB 150 wazi. Usiipunguze kwa kutumia kisakinishi cha Linux, maana Windows inazijua vizuri zaidi sehemu zake yenyewe. Kisha kwenye kisakinishi chagua "Install alongside". Kama chaguo hilo halionekani, simama. Mara nyingi BitLocker bado imewaka au kompyuta imewaka kwa Legacy. Usikimbilie "Erase disk" kwa hasira.

Kwenye Mint weka tiki panapouliza kuhusu "multimedia codecs" (kodeki za kuchezea video na sauti). Kama Secure Boot imewashwa, hapo hapo utaombwa utunge nywila ya muda. Itunge fupi na uiandike pembeni, utaihitaji sasa hivi.

## Hatua ya 6: Skrini ya bluu ya sekunde kumi, na draiva

Baada ya kuwasha upya kwa mara ya kwanza, kama Secure Boot imewashwa, utaona skrini ya bluu yenye maandishi "Press any key to perform MOK management", na namba zinahesabu kushuka kutoka kumi. Watu wengi hudhani ni hitilafu, wanasubiri ipite. Inapita kweli, na draiva ya NVIDIA inabaki nje ya mlango.

Bonyeza kitufe chochote. Chagua "Enroll MOK", halafu "Continue", halafu "Yes". Itaomba nywila: kwa Mint ni ile uliyotunga, kwa Bazzite ni `universalblue`. Unapoandika hutaona hata nukta moja, lakini herufi zinaingia. Bonyeza Enter, chagua "Reboot".

Ukichelewa kwenye Bazzite, zima Secure Boot kwanza kama mfumo umegoma kuwaka, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) na uandike `ujust enroll-secure-boot-key`, washa upya, skrini itarudi.

Wenye AMD na Intel hawana draiva ya kutafuta. Imo ndani ya mfumo. Tafadhali usiende kwenye tovuti ya AMD kupakua kitu.

Wenye NVIDIA kwenye Mint: fungua Driver Manager, chagua ile iliyoandikwa "recommended", washa upya. Usipakue faili la .run kutoka tovuti ya NVIDIA. Litasakinishwa, litafanya kazi, kisha siku mfumo utakaposasisha kiini chake utakutana na skrini nyeusi.

Sasa hakikisha. NVIDIA andika `nvidia-smi`. Ukiona jedwali lenye jina la kadi yako na namba ya draiva, umevuka. Kwa kadi yoyote unaweza pia kuandika:

`vulkaninfo --summary`

Kwenye Mint isakinishe kwanza kwa `sudo apt install vulkan-tools`. Tafuta mstari wa `deviceName`. Ukisoma jina la kadi yako, sawa. Ukiona `llvmpipe` peke yake, maana yake picha zinachorwa na prosesa badala ya kadi, na gemu itakwenda kama maonyesho ya slaidi. Usiendelee hadi hili litatuke. Mara tisa kati ya kumi ni ile skrini ya bluu uliyoiacha ipite.

## Hatua ya 7: Diski ya gemu, kaburi la wengi

Una TB nzima ya gemu kwenye diski ya Windows. Linux inaiona. Steam inakubali kuiongeza. Unajiambia: kwa nini nipakue upya? Unaielekeza huko, gemu mbili zinafunguka, ya tatu inakataa, kesho yake zote zinakataa. Diski hiyo imeandikwa kwa NTFS, mfumo wa diski wa Windows, na tatizo lake lina sura mbili.

Sura ya kwanza: kama Windows imelala nusu, Linux huifungua diski kwa kusoma tu. Steam itakuambia "disk write error". Hili umeshalizima kwenye Hatua ya 2.

Sura ya pili huonekana ukichungulia ndani. Kwa kila gemu, Proton hutengeneza Windows ndogo ya kuigiza ndani ya folda ya `compatdata`, kwa namba ya gemu. Cyberpunk 2077, kwa mfano, ni 1091500. Ukifungua `compatdata/1091500/pfx/dosdevices` utakuta viungo viwili vyenye majina `c:` na `z:`. Tazama nukta mbili hizo. Windows hairuhusu nukta mbili ndani ya jina la faili. Kwa hiyo ama viungo vinashindwa kuundwa, ama vinaundwa halafu Windows ikiikagua diski inaviona kama uharibifu na kuanza "kutengeneza". Ndiyo maana gemu ilikwenda jana na leo haiendi.

Kwa hiyo maktaba ya gemu ikae kwenye ext4 au btrfs, mifumo ya diski ya Linux. Kama gemu zitakaa kwenye diski ileile ya Linux, umeshamaliza, ruka hadi Hatua ya 8. Kama una diski ya ziada isiyo na kitu muhimu:

1. Fungua programu ya kusimamia diski (Disks kwenye Mint, KDE Partition Manager kwenye Bazzite ya KDE). Iandike upya kwa Ext4, ipe jina `gemu`. Soma ukubwa na chapa ya diski mara mbili kabla ya kukubali.
2. Weka ijifungue yenyewe kila kompyuta inapowaka, kwenye `/mnt/gemu` kwa Mint au `/var/mnt/gemu` kwa Bazzite. Usipofanya hivi, Steam itawaka kabla ya diski na kudai gemu zote zimepotea.
3. Jipe umiliki: `sudo chown -R $USER:$USER /mnt/gemu` (badilisha njia kama uko Bazzite).
4. Jaribu kuandika: `touch /mnt/gemu/jaribio && echo sawa`. Ukiona neno `sawa`, diski ni yako.

Na data je? Huhitaji kupakua upya GB 100, ila haya yafanye baada ya kuweka Steam kwenye Hatua ya 8. Fungua diski ya zamani kwa kidhibiti cha mafaili, ingia `SteamLibrary/steamapps/common`, nakili folda ya gemu, ibandike ndani ya `steamapps/common` ya maktaba mpya. Jina la folda lisibadilike hata herufi. Kisha ndani ya Steam bonyeza kusakinisha na uchague diski mpya. Steam itakuta mafaili yapo, itayakagua, itapakua kilichopungua tu. Gemu yenye toleo la Linux lenyewe itapakua zaidi, na hiyo ni kawaida.

## Hatua ya 8: Steam na Proton

Bazzite imeshakuja na Steam. Kwenye Mint chukua faili la .deb kutoka tovuti ya Steam, au kifurushi cha mfumo kwenye Software Manager. Epuka toleo la Flatpak kwa kuanzia: limefungiwa chumbani na halizioni diski zako nyingine hadi ulipe ruhusa, na utarudi kudhani Hatua ya 7 imeshindikana.

Ingia, nenda Settings, kisha Compatibility. Kama kuna swichi ya kuruhusu Steam Play kwa gemu zote, iwashe. Matoleo mapya ya Steam huja yameshaiwasha. Kwenye Storage ongeza diski ya gemu na uifanye ya kwanza.

Jaribio la kwanza liwe gemu ndogo yenye Platinum. Usianze na ile ya GB 120 uliyoiota wiki nzima. Ukianza na ndogo ikakataa, unajua tatizo ni la mfumo. Ukianza na kubwa ikakataa, hujui chochote na umeshamaliza data.

Mara ya kwanza Steam itapakua Proton yenyewe, halafu itaandika "Processing Vulkan shaders" na kukaa hapo dakika kadhaa. Iache imalize. Ukiiruka, gemu itakuwa inashikashika kila unapoingia eneo jipya.

Ili uone kama kadi inafanya kazi, weka MangoHud (Mint: `sudo apt install mangohud`), halafu kwenye Properties ya gemu, sehemu ya Launch Options, andika:

`mangohud %command%`

Pembeni mwa skrini utaona FPS (idadi ya picha kwa sekunde), joto na asilimia. Gemu nzito ikiwa imewaka, kadi inapaswa kuwa juu ya asilimia 90 na prosesa chini yake. Wenye NVIDIA wasishangae gemu za DirectX 12 zikienda chini kidogo kuliko Windows. Hilo linajulikana, na si kosa lako.

## Hatua ya 9: Gemu ikigoma, fuata mpangilio huu

Usibadilishe mambo matano kwa mpigo. Badilisha moja, jaribu, kisha jingine.

Futa kila ulichoandika kwenye Launch Options. Mistari mingi inayonakiliwa mtandaoni ilikuwa dawa ya mwaka ambao umepita.

Badilisha Proton. Properties, Compatibility, lazimisha toleo. Anza na toleo thabiti lenye namba kubwa, kisha Proton Experimental, kisha GE-Proton, ambayo utaisakinisha kwa programu ya ProtonUp-Qt na kuiona baada ya kuifunga Steam na kuifungua. Gemu ikicheza vizuri lakini video za hadithi zinaonyesha mistari ya rangi kama televisheni iliyokosa stesheni, nenda moja kwa moja GE-Proton. Hizo video zinakosa tu kodeki.

Kagua mafaili kwa "Verify integrity", hasa kama uliyanakili kutoka diski ya zamani.

Futa ile Windows ndogo. Ni folda ya namba ya gemu ndani ya `compatdata`. Itaundwa upya. Onyo: gemu isiyo na wingu huweka hifadhi zake humohumo, ndani ya `pfx/drive_c/users/steamuser`. Nakili folda hiyo kwanza. Nimemsikia mtu akilia saa 70 za mchezo kwa ajili ya sekunde mbili za haraka.

Omba gemu ijieleze:

`PROTON_LOG=1 %command%`

Ifungue, iache ianguke, kisha angalia folda yako ya nyumbani. Utakuta faili kama `steam-1245620.log`. Soma mistari ya mwisho na yenye `err:`. Huenda usiielewe, lakini mstari huo ukiutafuta pamoja na jina la gemu utafika mbali kuliko "gemu yangu haifunguki, nisaidieni".

## Epic, GOG na vikorokoro vingine

Gemu za Epic, GOG na Amazon zichukue kwa programu ya Heroic. Ingia kwa akaunti yako, chagua GE-Proton kwenye mipangilio, sakinisha. Maduka mengine yajaribu kwa Lutris.

Padi ya Xbox kwa kebo na DualSense hufanya kazi zikichomekwa tu.

Saa ikiwa inaruka kila unaporudi Windows, ni kwa sababu Windows huandika saa ya eneo kwenye ubao mama na Linux huandika ya UTC. Andika `timedatectl set-local-rtc 1` ndani ya Linux. Itakunung'unikia kidogo, lakini itatii.

## Windows uifute lini?

Si leo. Iache mwezi mzima. Kila unapolazimika kuifungua, andika sababu kwenye ile karatasi ya Hatua ya 1. Mwezi ukiisha, sababu zikiwa ni gemu moja isiyokubali Linux, ipunguzie Windows nafasi ibaki na gemu hiyo tu. Karatasi ikiwa tupu, chukua nakala ya mwisho ya mafaili, iandike upya diski kwa Ext4 kama ulivyofanya kwenye Hatua ya 7, kisha iongeze kwenye Storage ya Steam.